Bei Aliyoitaja Didas

Jumanne ya tarehe 11 Julai 2023, Didas Komba, fundi redio wa Ilomba, alipanda basi la alfajiri kutoka Mbeya kwenda Iringa kumzika rafiki yake Adrian, Mhehe wa Kihesa. Didas alimpenda kweli marehemu. Alibeba pia mfuko mtupu wa kitambaa laini.

Kwake Didas ana santuri za kale chumba kizima, zimesimamishwa wima kama vitabu. Huziosha kwa maji na tone la sabuni, kamwe si kwa spiriti, maana spiriti huzila. Lakini aliyoitaka kuliko zote ilikuwa kwa Adrian, aliyeinunua mnadani Makambako. Ndani yake anaimba baba yake Didas, aliyefariki mwanawe akiwa bado anabebwa mgongoni. Sauti hiyo Didas hajawahi kuisikia.

Adrian hakuwa hata na gramafoni. Santuri aliitundika kwenye msumari, juu ya jiko la mkaa, ikala moshi miaka nenda rudi. Kila Didas alipoiomba, alijibiwa kwamba Mngoni kama yeye hapewi kitu, huiba mwenyewe. Basi asubiri msiba.

Msiba ukafika. Wangoni na Wahehe ni watani tangu vita vya mababu, na mtani matangani ana ruhusa yake: hulia kwa dhihaka, hunyakua kitu cha marehemu mpaka wafiwa wakikomboe. Didas alilia kwa sauti kuu, akauliza supu ya mbwa sasa ataimaliza nani, maana Wahehe hutaniwa kuwa ni walaji wa mbwa, akapita jikoni, akatoka na santuri imejaa masizi.

Watu wakacheka, wakamtaka ataje bei, kama desturi inavyodai. Pesa wangechanga, mbuzi wangempata. Akatafuta kitu ambacho, kwa hesabu zake, Mhehe hakitoi.

"Mbwa," alisema. "Mnene, mzima, asiyeonjwa."

Paskalina, mjane, aliyasikia hayo. Aliinuka mkekani, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na mbwa wa rangi ya udongo, kamba shingoni.

"Bei umetaja mwenyewe, mtani. Shika kamba, lete mali yetu."

Didas akadai mbwa amekonda. Wazee wakambonyeza mbwa mbavu, wakashauriana, wakatamka kwamba ni mnene. Santuri ikarudi kwa wenyewe. Aliomba jambo moja tu, isirudishwe juu ya jiko, akakubaliwa.

Wakati wa kuagana Paskalina alimwambia santuri haitoki Kihesa, ila arobaini aje na gramafoni yake, waisikie wote.

"Na mbwa uje naye," aliongeza. "Tumwone yu hai. Ninyi Wangoni hatuwajui vizuri."

Ilomba, mbwa anakula kuliko fundi.

Arobaini ni Jumamosi ya tarehe 19 Agosti. Didas atakwenda Kihesa na gramafoni, sabuni, kitambaa na mbwa.