Mchumba Aliyefuta Kadi

Dada mkubwa wa mke wangu anaishi chumba cha nyuma nyumbani kwangu, yeye, kompyuta yake, printa yake na maoni yake. Maoni ndiyo yanayojaza chumba. Anachapa kadi za harusi, mitihani ya shule za jirani, barua za kuomba kazi na za kuacha kazi, na mteja akikaa kusubiri karatasi zake huondoka anajua programu ipi ina adabu na ipi haina. Mtaani wanamwita Mama Tendua, kwa sababu ya ile amri ya kompyuta inayofuta kosa ulilofanya sasa hivi na kurudisha mambo yalivyokuwa. Anaipenda amri hiyo kuliko ndugu zake kadhaa ninaowajua.

Mimi nauza kompyuta zilizotumika, na maoni sina. Programu ikiniletea mteja ni nzuri. Shemeji hakubali neno hilo. Kwake programu ni watu. Kikokotozi ni mtu wa heshima: unamfungua, anakujibu, anakwenda zake, hakuulizi jina wala nenosiri. Programu ya kuzuia virusi ni mlinzi anayekuamsha usingizini akuambie hakuna mwizi. Ile ya kuandikia anaithamini kwa kazi, ila hajaisamehe kwa kupigia mistari myekundu majina ya ukoo mzima, kana kwamba tulizaliwa kwa bahati mbaya. PDF ni keki ndani ya kabati la kioo na ufunguo kaondoka nao mtu. Na apdeti ni mgeni aliyefika bila taarifa, akahamisha makochi, halafu anakuuliza kama umefurahi.

Kipimo chake ni kimoja. Siku niliyotaka kumuuzia programu mpya ya kupanga kurasa aliniambia, "Shemeji, programu haipimwi kazi ikiwa imenyooka. Kosea kwanza, uone itakufanyaje." Akabonyeza vitufe ovyo kwa makusudi. Programu ikaganda, ikajifunga yenyewe, na ilipofunguka ikamwuliza kama ameridhika na huduma. Akanirudishia flashi yangu mkononi.

Basi akatokea fundi saa. Kibanda chake kiko kwenye korido mkabala na duka langu. Mtu mpole, kafiwa na mke zamani, mikono safi kama ya mkunga. Alikuja kuchapisha tangazo la kibanda. Akarudi kuchapisha jingine lenye maneno yaleyale. Aliporudi tena nikamvuta pembeni, nikamwuliza anataka matangazo au anamtaka shemeji yangu. Akasema matangazo anayo ya kutosha.

Nikaona biashara. Skrini zangu za kuuza zinalala sebuleni, mke wangu anaziruka kama mwanariadha kila akienda jikoni. Shemeji akiolewa, chumba cha nyuma kinakuwa stoo. Fundi apate mke, shemeji apate mume, mimi nipate stoo. Sikuona wa kupata hasara.

Tatizo ni kwamba wachumba wengine walishapita hapo wakaanguka. Dalali wa viwanja alikaribishwa kiti, akaombwa kuandika mstari mmoja, akakosea, akasema kibodi imechakaa. Mwalimu wa udereva naye akakosea, akasema programu hizi zimetengenezwa na wajinga. Wote walipewa soda, wakashukuriwa, basi. Mimi nikahitimisha kuwa kilichowaponza ni ushamba wa kompyuta, na ushamba una dawa. Kila mchana, fundi akiwa na kioo chake jichoni na saa ya mtu imefumuliwa mezani, nilisimama kibandani nikimkaririsha: msifu kikokotozi, mtukane apdeti, ukisikia PDF guna tu.

Jumamosi akaja, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mke wangu akajifanya anakunja nguo mlangoni. Mimi nikajifanya nakagua waya. Fundi akakohoa, akaanza.

Alisema yeye kwa kweli anaipenda sana ile programu ya kuzuia virusi, kwa sababu inajali.

Shemeji akainua kichwa. Akaona kuna kitu hakijakaa sawa, akaongeza kuwa kikokotozi, kusema ukweli, kinamkera. Mke wangu akajiziba mdomo kwa foronya.

Shemeji akamkaribisha kitini. Kwenye skrini ilikuwapo kadi ya harusi, maua pembeni, majina ya wazazi wa pande zote mbili, na mama wa bibi harusi angeipitia mchana huohuo. Akamwomba fundi ambadilishie saa tu, sherehe ilikuwa saa nane sasa ni saa tisa; kazi ya saa si ni yake. Kisha akageuka kupanga karatasi kwenye printa.

Vidole vile vinavyokamata springi nyembamba kama unywele vikashuka kwenye kibodi. Sijui alibonyeza nini. Kadi yote ikageuka buluu, ikatoweka, maua na wazazi, na katikati ya ukurasa mweupe ikabaki herufi moja, t.

Fundi akanitazama. Mimi, mtu wa kuokoa biashara, nikamkonyeza, nikamwonyesha soketi ukutani, nikatamka bila sauti: umeme. Akaitazama soketi, akaitazama ile t, akautazama mgongo wa shemeji.

"Bibie," akasema, "nimekufutia kadi yote. Na shemeji yako ananikonyeza nisingizie umeme."

Shemeji akageuka polepole. "Na yale maoni ya mwanzo?"

"Ya kwake pia. Nimeyachanganya njiani."

"Ya kwako wewe ni yapi?"

Fundi akafikiri kwa dhati kabisa, kama vile kaletewa saa ya ukutani. "Hii t," akasema, "naona imekaa katikati vizuri."

Hapo shemeji akacheka, akaiegemea printa, printa ikashtuka ikatema karatasi tupu, mke wangu akakaa chini juu ya nguo alizokunja, fundi naye akaanza kucheka asijue amesamehewa au amefukuzwa. Shemeji akamshika vidole, akaviweka kwenye vitufe viwili, akavikandamiza. Maua yakarudi. Wazazi wakarudi. Fundi akaduwaa, akauliza kama kitu hiki kila kompyuta inacho.

"Kila mtu anacho," akasema shemeji, akinitazama mimi. "Wengine wanaona heri umeme."

Fundi akapata ujasiri palepale, akasema lililomleta. Shemeji akamjibu kwamba amekubali, ila kwanza airekebishe ile saa, mama wa bibi harusi yuko njiani.

Nikaruka na swali langu: wanahama lini. Shemeji akanishangaa. Nani anahama? Printa hii ikihamishwa hununa. Mara ya mwisho kuisogeza kutoka dirishani hadi mlangoni ilichapa kila kitu rangi ya waridi, hata mtihani wa hesabu. Fundi akasema yeye ni mpangaji tu na mzigo wake ni mwepesi. Mzigo wenyewe ni saa za ukutani, zote zinagonga, na hazigongi pamoja kwa sababu bado anazirekebisha. Saa sita ya nyumba yangu siku hizi ni ndefu kama hotuba. Skrini ziko palepale sebuleni na mke wangu bado anaruka, sasa kwa mdundo.

Nilimwuliza shemeji, kwa upole, kama jambo hili haliwezi kutenduliwa kidogo.

"Faili likishahifadhiwa na kufungwa, shemeji," akasema, "tendua haisaidii."

Wiki ile nikamuuzia fundi kompyuta, bei kamili. Aliuliza kama ina kikokotozi.