Mwenye Nyumba ya Bwawani

Shemeji yangu ni fundi viatu, na sehemu kubwa ya mwaka hana makuu. Anakaa nje ya duka la dawa, anashona soli, anakula anachopikiwa na dada yangu, na wala humsikii. Tabu huanza kiangazi. Bwawa la umeme likipungua maji, kuta za nyumba ya marehemu baba yake, iliyomezwa na bwawa hilo, huchomoza kwenye tope: vyumba vitatu visivyo na paa, vinanuka samaki. Hapo bwana huyo huvimba kichwa. Huacha viatu vya watu, akachukua ufagio na kiti, akaenda kukaa sebuleni kwake. Ukipita, lazima upige hodi. Hodi kwenye nyumba isiyo na mlango.

Mwaka ule wazazi wa mchumba wa binti ya dada na shemeji walitaka kuja kujitambulisha. Dada, ambaye ni mshonaji, alikuwa ameshaandaa chumba chake cha kazi, kakunja vitambaa, kaazima viti kwangu. Shemeji akagoma.

"Binti yangu aposwe kwenye chumba cha kupanga, na mimi nina nyumba?"

"Nyumba wanayoishi kambale," dada akamwambia.

"Ni ya baba yangu."

Basi tukabeba viti na chupa za chai hadi bwawani. Asubuhi hiyo walinzi wa bwawa walikuwa wamepita na kipaza sauti: huko juu mvua imenyesha sana, maji yanapanda, watu waondoke kingoni. Shemeji aliwatazama kana kwamba ni kunguru wanaopiga kelele.

"Hawa wameajiriwa juzi," akasema.

Wageni wakaja, viatu vimelemewa na tope. Mama wa mchumba alipoketi, kiti kikazama mguu mmoja. Shemeji alikuwa anawaonyesha kilipokuwa chumba cha kulala, maji yakaingia polepole, yakapita chini ya meza. Baba wa mchumba akainua miguu, akangoja mwenyeji aseme neno.

"Haya ni ya kupita tu," mwenyeji akasema. "Tuendelee."

"Mzee mwenzangu, yamefika kwenye soksi."

Dada hakubishana. Alimshika mkono yule mama, akawaongoza wageni hadi chumba chake cha kazi, shemeji akabaki kwenye kiti chake majini, na huko chumbani mambo yakaisha vizuri, kwa chai na vicheko. Hakuna aliyeuliza baba wa binti yuko wapi. Walikuwa wamemwona vya kutosha.

Alirudi jioni, amelowa hadi kiunoni, akauliza kama wageni wameipenda nyumba. Dada akampa taulo. Mimi nilimcheka usoni, na sijutii.