Jani la Isale Mbele ya Kamera

Juzi nikiwa napita tu Moshi, niliingia ukumbi mmoja walikokuwa wakionyesha filamu za mama mmoja marehemu, mtu wa kwanza kuleta kamera kijijini kwetu Uru kurekodi mila za Wachaga. Nikamwona mama yangu, bado kijana, mbele ya migomba yetu.

Alasiri ile ya utoto wangu ilinukia maua ya kahawa, na kamera ilinguruma kama cherehani. Mama alikuwa amefunga mizigo aondoke, hasemezani na baba. Mgeni yule mwenye kamera akawaomba waonyeshe jinsi mtu anavyoomba msamaha kwa jani la isale, ambalo kwetu halikataliwi.

"Piga magoti vizuri, Baba Aloyce," mama alisema. "Au unaogopea suruali?"

Majirani wakacheka. Baba akapiga magoti, akatoa jani. Mama akalipokea.

Nikatimua mbio kwa bibi. "Bibi, mama haondoki! Amepokea isale!"

Bibi aliendelea kukoroga pombe yake ya mbege. Kesho yake mama aliondoka, hakurudi tena, nami nikakua nikiamini wote wawili walikuwa wakiigiza.

Kwenye filamu nilijiona nikikimbia kwa furaha hadi nikapotelea migombani. Mpiga picha mwingine angezima kamera hapo. Yule mgeni aliiacha iendelee. Mama alilitazama lile jani, akalifuta kwa kanga, akamnyooshea baba, sasa zamu yake kuomba msamaha.

Baba alikuwa bado amepiga magoti. Hakunyoosha mkono kulipokea.