Kisima Changu Kikavu cha Songwe

Taabu yangu ilianza mwaka 1954, nikiwa na miaka kumi na tisa. Baba alifariki, baba wadogo wakagawana shamba letu kule Iringa. Mimi niliishia darasa la pili, ningelalamika kwa nani? Nikamchukua mke wangu, ndoa yetu ikiwa bado changa, tukapanda lori kupitia Chimala hadi Mbeya, kisha bonde la Songwe.

Huko nikapewa kiwanja chini ya mwamba mweupe. Nikafurahi. Kwetu Iringa mawe ni magumu, ya mviringo, mengine makubwa kuliko nyumba. Mvua ikinyesha, maji yanateleza juu ya jiwe na kutuama mguuni pake. Chimba hapo, maboga yako hayakauki hata mwezi wa tisa. Mhehe yeyote kama mimi anajua hilo. Basi nikajenga kibanda palepale, nikaanza kuchimba kisima.

Mke wangu alikuwa akiteka maji mbali, debe kichwani, na tumbo limeshatoka.

"Sikiliza, bwana," akaniambia. "Mwezi wa kumi ukiisha hakuna maji hapa, nakwenda kuzaa kwa mama, na sirudi. Mimi si punda."

Sikucheka. Alikuwa mtu wa kufanya alichosema.

Nilipiga mtaimbo wiki sita. Jiwe lile lilimeguka kirahisi, vumbi lake jeupe likanipaka hadi kope. Siku moja mtaimbo ukapenya, ukaniponyoka, nikausikia ukigonga huko chini mara tatu. Upepo wa baridi ukanipuliza usoni, unanuka popo.

Jirani yangu, mzee wa Kisafwa aliyekuwa akichoma chokaa, akaja kuchungulia. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mhehe! Umetafuta maji, umepata nyumba ya popo!"

"Mzee, nisaidie. Mke anaondoka."

"Na aende, maskini, kaolewa na mchimba popo." Halafu akaacha utani. "Jiwe hili linakunywa. Ndani lina matundu, mvua yote inapita. Usiyangoje maji hapa juu. Teremka yanakotokea."

Akanipeleka bondeni kwenye matete. Maji yalikuwa yakitoka kwenye ufa wa mwamba, na vijiti vilivyoangukia humo vimevaa ganda jeupe kama mifupa. Nikabomoa kibanda, nikakijenga upya karibu na hapo. Mke wangu akateka debe la kwanza, akanywa. Akafungua furushi lake, maana lilikuwa limeshafungwa.

Lile rundo la mawe ya kisimani, mzee akanifundisha kulichoma. Chokaa yangu ya kwanza ilitoka kwenye ujinga wangu, na siuonei haya.

Leo nina nyumba ya vyumba sita, kuta nimezipaka chokaa mwenyewe. Nina matanuri mawili ya chokaa. Ng'ombe wanne. Shamba la mahindi. Watoto saba. Kaburi la mke wangu, juu kidogo ya chemchemi. Na kile kisima kikavu, ambacho nimekataa kifukiwe.