Pikipiki ya mu pori, sambaza ya dada

Motard mumoja, mwenye kubeba bantu ku pikipiki pale Sake, njo alinitosha mu akili. Alimuambia dada yangu mbele ya bantu: «Mama, hii sambaza yako inanukisha kiti. Tafuta chukudu ya mbao ya kusukuma.» Nilitaka kumupiga. Dada akanishika shati.

Ule dada njo alinilea. Kila asubui alikuwa anarangua sambaza, ile samaki ndogo, kule Shasha, ikingali na maji ya ziwa, anapeleka kuuza Rubaya kwa bachimbaji ba madini. Lakini vita ilikuwa inafunga njia kila mara, makamio ya mizigo ilikuwa imeacha kupanda milima, na bamotard balikuwa banakataa samaki. Sambaza ikifika saa sita mu jua, iko ya kutupa. Wiki mbili vile, biashara yake ingekufa.

Basi mie nikasema nitamutengenezea pikipiki yake, wote banyamaze!

Mufanyabiashara mumoja wa Butembo, mwenye magazini ya kuuza vitu pale Sake, alikuwa na moja ndogo nyuma ya nyumba. Kuku zilikuwa zinalala ku kiti. Pikipiki ya kuchezea mu matope: haina fare ya kumulika njia, haina honi, kiti ya muntu mumoja, na motere ya kukunywa esanse, ile petroli, yenye kuchanganywa na mafuta.

«Chukua, kijana. Lakini kwanza unitengenezee mashini yangu ya kusaga unga.»

Nikatengeneza ile siku ile ile. Hakuna shule yenye ilinifundisha. Nilijifunza kule Kibua, kwa baba mudogo, nikifungua gurupe yake ya kuwasha taa kila mara akienda shamba.

Nikaanza kazi. We! Sikukula, sikunawa. Fare nilitosha ku pikipiki ya kufa. Batri hakuna, basi nikazungusha waya ya shaba mu motere yenyewe ili itoe umeme. Ampule ya taa ya kwanza ikaungua. Ya pili pia. Ya tatu ikawaka, nikapiga kelele mupaka jirani akauliza kama mutoto amezaliwa. Retro nilikata mu kioo ya dada; akanigombeza, kisha akajiangalia mule akicheka. Fundi wa chukudu akanichongea kiti ya nyuma ya mbao, na mahali ya kufungia basani ya samaki. Bomba ya moshi ilikuwa imekatika ku mwisho. Ile niliacha. Kelele ya motere ya vile iko tamu!

Asubui ya kwanza, dada akapanda, basani imefungwa nyuma yake, kitambaa imefungwa ku kichwa kama anaenda misa.

«Polepole, mudogo wangu. Niko na watoto.»

«Shika tu!»

Tukapita Sake, ile pikipiki inalia kama nyuki ya hasira. Tukapanda milima ya Masisi, ng'ombe zinatukimbia. Jua haijakuwa kali, sambaza ingali nzuri. Nilikuwa naimba! Tulipoanza kushuka mu soko ya Rubaya, nikaachia mukono ya esanse, pikipiki ishuke yenyewe.

Ile bomba ya kukatika ikaanza: PA! PA-PA-PA! PA!

Mungu wangu. Bachimbaji balitupa mifuko, bamama balibeba batoto na kuacha viazi, mwenye kukata nyama alikimbia na kisu. Mu dakika moja soko ilikuwa tupu. Siye babili tu, na basani. Na baaskari babili ba bariere ya kufunga njia, bunduki zinatuangalia.

«Zima hiyo kitu!»

«Imezima, shefu!»

«Nani anapiga risasi?»

«Ni bomba, shefu. Bomba ya moshi!»

Dada akashuka. Akaangalia soko, akaangalia sambaza, akaangalia jua.

«Ona kazi yako, fundi mekanisie. Nimuuzie nani? Nzi?»

Nikaanza kupiga makelele: «Rudini! Hakuna kitu!» Hakuna mwenye alitoka. Kwetu, ile miaka, muntu akisema hakuna kitu, unakimbia zaidi.

Dada akanisukuma. Akaweka basani chini, akafunua, akaanza kuita kwa sauti yake ya kila siku:

«Sambaza! Sambaza ya Shasha! Ya leo, ya leo!»

Na ile njo bantu banaamini. Risasi ikiwa ya kweli, hakuna mama anabakia kuuza. Kichwa moja ikatoka nyuma ya nyumba. Ingine. Mama mumoja wa viazi akarudi, ananitukana mimi na ukoo yangu yote, lakini ananyoosha sahani. Nyuma yake bachimbaji. Banatukana, banacheka, banapanga mustari.

Askari mukubwa akasema: «Hii pikipiki haitoke hapa na ile sauti.»

Sawa! Nikaomba kopo ya nyanya. Mama wa viazi akanitupia zile waya za kusugulia masufuria: «Chukua, muharibifu!» Nikatoboa kopo, nikajaza waya, nikafunga ku bomba. Bantu wote bakaziba masikio. Nikapiga kiki ya kuwasha.

Pu-pu-pu-pu. Pole kama mashini ya kushona.

Soko yote ikapiga makofi! Hata mwenye kukata nyama.

Basani ilikuwa imekwisha, haibaki hata mukia. Mama mumoja aliyefika nyuma ya bote akamushika dada mukono: «Na mie, dada? Batoto bangu batakula nini?»

Dada akapanda pikipiki bila kungoja, akanipiga ngumi mu mugongo.

«Ongeza mwendo, we mutoto! Bavuvi ba pili bangali ku mwalo ya Shasha!»