Mkono wa Mkwe Bakulini

Baba yangu alikula matonge matatu ya sima, akalamba vidole, akasema, "Alhamdulillahi, nimeshiba." Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la mlango wa jikoni, na kama si haya ningetoka nikamlisha kwa nguvu kama mtoto anavyonyweshwa dawa. Matonge matatu! Paka wetu hali hivyo akanyamaza.

Alikuwa amekuja kwetu, mtaa wa Shika Adabu, kutoka shambani kwake kwa sababu ya uvimbe tumboni. Daktari wa kule kisiwani, ng'ambo ya feri, alisema uvimbe wenyewe unatolewa, lakini si katika mwili ule. Alimzungushia baba kidole gumba na cha kati juu ya kiwiko, vidole vikakutana bila taabu. Kisha akanigeukia mimi. "Mrudishe akiwa na nyama kidogo. Hivi alivyo siwezi kumpasua." Akaongeza kwamba tusikawie, maana uvimbe hautatungoja. Nilirudi na baba kwenye feri nikiwa na hasira na daktari, na uvimbe, na kila abiria aliyekuwa anatafuna kitu.

Tuliambiwa tumpe chakula laini, kidogo kidogo, mara nyingi. Maziwa ya ng'ombe yalimvuruga tumbo tangu ujana wake. Lakini nyuma ya nyumba tulikuwa na mbuzi jike aliyezaa karibuni, na maziwa yake tulimwachia mwanawe tu kwa kuwa nyumbani hapakuwa na aliyeyataka. Nilimuuliza daktari kuhusu mtindi wa mbuzi. Akasema nijaribu, niyachemshe maziwa vizuri kwanza, na tumbo likikataa niache.

Basi nikaanza. Niliyachemsha, nikayaacha yapoe mpaka kidole kikavumilia, nikakoroga ndani yake vijiko viwili vya yogati ya dukani isiyo na sukari, nikaifunga sufuria kwa blanketi kuukuu. Asubuhi maziwa yalikuwa yameganda, ila mepesi mno, nikayachuja kwa kitambaa mpaka yakawa mazito. Nilifurahi kama mtu aliyejenga nyumba. Nikamwekea baba bakuli mkekani, na kijiko.

"Mumeo yuko wapi?" aliniuliza.

"Yuko kazini, baba."

"Basi funika. Tutakula akija."

Nilijua alichomaanisha, na moyo ukanishuka. Kwa watu wetu, baba akikaa kwa binti aliyeolewa, amekaa kwa mkwe, na kwa mkwe huli kama unavyokula kwako. Hunyooshi mkono mpaka mwenyeji aunyooshe wake, na akiutoa, nawe unatoa, hata kama tumbo linalia. Wengi siku hizi hawajali. Baba yangu alijali. Nyumbani kwake aliweza kumaliza sinia zima la wali na kuuliza kama kuna ukoko, lakini kwangu alikuwa mgeni wa mume wangu, tena mgeni mwenye haya.

Mume wangu ni seremala, mtu wa mbio. Hula huku akili yake iko kwenye mbao. Na kuna jambo moja nililolijua tangu nilipoolewa naye: maziwa ya mbuzi hayawezi. Harufu yake tu humkunja uso.

Jioni ile niliwaandalia sima na mtindi katika bakuli moja. Mume wangu alichovya tonge, akameza, machozi yakamlenga. Akachovya la pili. Halafu akasema, "Alhamdulillahi," akauvuta mkono wake. Mkono wa baba ulikuwa umeshafika ukingoni mwa bakuli. Ulisimama pale, ukarudi.

Nilimngoja mume wangu jikoni.

"Umeutoa mkono kwa nini?" Nilisema kwa kunong'ona, lakini nadhani hata mbuzi walinisikia.

"Mke wangu, mtindi huu wanuka beberu, wallahi."

"Baba yangu atakufa kwa adabu, nawe waniambia habari za kunuka?"

"Mwambie ale peke yake."

"Mwambie wewe."

Asingeweza kumwambia, nami nilijua hivyo. Ukimwambia mkweo ale zaidi, umekuwa ukiyahesabu matonge yake.

Kesho yake nilijaribu mimi. Nilimwambia baba daktari amesema nini, nikamwambia wazi kwamba asipokula hatapasuliwa, na asipopasuliwa tutamzika. Nilisema neno hilo mbele yake, mimi mwanawe. Alinitazama kwa upole ulionikasirisha zaidi.

"Mwanangu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe siliwezi tena, na hamjanifukuza. Nisizidishe na ulafi."

Niliingia jikoni nikalia, kisha nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Lakini kuhusu harufu, mume wangu alisema kweli. Tulikuwa na beberu ambaye yeye alimfuga kwa ajili ya kuchinja Idi, na alilala banda moja na yule jike. Beberu akikaa karibu na jike anayekamwa, harufu yake huingia mpaka kwenye maziwa. Nilikulia na mbuzi, nilipaswa kulifikiria hilo siku ya kwanza. Mume wangu alimpenda beberu yule. Alimwogesha, alimsemesha, nadhani alimwambia mambo ambayo mimi hakuniambia. Nilimwambia, "Huyu aondoke leo." Hakubisha. Alimfunga kamba akampeleka kwa ndugu yake anayekaa mtaa wa Bofu, kwa miguu, na beberu akalia njia nzima mpaka majirani wakadhani tunamwibia mtu.

Harufu ilipungua. Haikuisha.

Hapo ndipo kazi ya mume wangu ilipoanza. Kila mlo aliketi mkekani na baba, akamega tonge dogo, akachovya, akameza bila kuvuta pumzi. Baba akafuata. Kisha lingine. Alijifunza kula polepole, yeye asiyejua polepole ni nini. Alisimulia habari za mbao na wateja wakorofi ili kuurefusha muda. Mimi nilisimama nyuma ya pazia nikiitazama mikono yao miwili, na kila mkono wa mume wangu ulipochelewa kurudi bakulini, nililikamata pazia kwa ngumi. Nyakati nyingine koo lake lilikataa kabisa, nikaliona likipanda na kushuka, nikaomba Mungu asitapike pale. Nilimpenda, na bado nilikuwa tayari kumpiga kwa mwiko akisimama.

Siku moja alivuka ng'ambo kupeleka mlango, feri zikakwama. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia. Baba alikaa mbele ya bakuli lililofunikwa, midomo imekauka. Asubuhi hiyo alikuwa ameamka hana nguvu hata ya kuinua birika la kutawadhia. Nilitoka nyuma ya pazia, nikaliondoa kawa kwa hasira.

"Kula, baba!"

"Tutamngoja."

"Na asipokuja?"

"Atakuja, inshallah."

Alikuja mbio, shati limemganda mgongoni. Hakuniuliza kitu. Alinawa, akaketi, akatia mkono bakulini kabla hajasema hata "habari za kutwa". Akala. Baba akala. Mume wangu akala tena, tonge kubwa safari hii, na uso ukamkunjamana kama mtu aliyeuma ndimu.

Baba aliusimamisha mkono wake. Nikajua yamekwisha.

"Mwanangu," alimwambia, "kitu hiki hukipendi."

"Nakipenda, baba."

"Wasema uongo."

Mume wangu alimeza kwanza. "Nasema uongo."

Nikangoja baba anawe mikono aseme ameshiba, asiwe sababu ya kumtesa mwenye nyumba. Badala yake nilisikia sauti niliyokuwa sijaisikia tangu aje kwetu. Alikuwa anacheka, kicheko cha kikohozi, huku analishika tumbo lake linalouma. Kisha akausogeza mkono bakulini, na safari hii alitangulia yeye.

Tuliporudi kwa daktari, vidole vyake vilizunguka mkono wa baba na havikukutana. Alivijaribu tena, akaridhika. Alitupangia siku. Akatuonya kwamba mgonjwa asitie kitu mdomoni tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, hata maji, na mimi nikaitikia bila kufikiri.

Asubuhi ya upasuaji baba alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, amevishwa gauni la hospitali linalofungwa mgongoni. Mume wangu alisimama miguuni, mimi kichwani. Baba aliniita kwa mkono.

"Abee, baba."

"Nina njaa," alisema. "Nipe mtindi kidogo."

Katika siku zote alizokaa kwangu, hakuwahi kuniomba hata chumvi.

"Hapana, baba. Leo hapana."

"Kijiko kimoja tu, mwanangu."

"Hapana."

Alinitazama kama mtu aliyefika mlango aliouzoea akaukuta umefungwa. Sijui kama aliyakumbuka maneno ya daktari. Muuguzi alikuja, akaondoa breki, kitanda kikaanza kwenda, na mume wangu akatembea nacho mpaka pale alipozuiwa.

Niliketi kwenye benchi. Niliogopa kwamba neno la mwisho baba yangu alilolisikia kwangu lilikuwa hapana, tena kwa kijiko cha mtindi. Halikuwa la mwisho, namshukuru Mungu. Lakini saa zile zote kwenye benchi sikulijua hilo.