Mabano ya Mashine ya Mayai

Kazini wanamwita dada yangu Mama Mabano, na wanacheka. Hata sharti la programu lenye amri moja tu, ambalo lugha ya kompyuta iitwayo C inaliruhusu likae wazi, yeye hulifungia ndani ya yale mabano yaliyopinda. "Unajaza kurasa bure," wenzake humwambia. Yeye huendelea kuandika. Mimi ndiye huwaka, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nyoka mwenyewe nilimwona.

Mama alifua nguo za watu mpaka mgongo ukagoma kunyooka. Dada, anayetunga programu za mitambo, akamtengenezea mashine ya kuangulia mayai. Vifaranga wakikua, mama angeachana na mabeseni. Nyumba nzima tulisubiri hilo tu.

Sharti lilikuwa jepesi: joto likizidi, zima hita. Amri moja, bila mabano, na mashine ikafanya kazi vizuri. Kisha mama akaomba, "Mwanangu, mimi nashinda uani. Niwekee na kengele, joto likizidi nisikie."

Dada alikuwa ametoka kazini hoi bin taabani. Akachomeka amri ya kengele juu ya ile ya hita, akazipanga sawasawa chini ya sharti, akaenda kulala. Kwa macho, zote mbili zilikuwa ndani. Lakini kompyuta haijali mpangilio. Amri zikiwa zaidi ya moja, bila mabano sharti hushika ile ya kwanza tu. Kengele ikawa inangoja joto lizidi, na hita ikawa inazimwa kila mara, liwe limezidi au halijazidi.

Kwa siku kadhaa mama akafua kwa amani. Kengele kimya, basi mambo shwari.

Jumapili asubuhi dada aligusa kioo cha mashine. Baridi. Akafungua kompyuta, akatazama, akashika kichwa. Mabano mawili tu! Akayaandika, hita ikawaka, akatoka mbio hadi uani.

"Mama, hita ilikuwa inazimika, kosa langu. Nimeshairekebisha. Labda mayai mengine bado mazima."

Mama hakugeuka, alikuwa ameinamia shuka la watu.

"Niliyamulika jana kwa tochi, mwanangu. Yote viza. Nikakuona ulivyochoka, nikasema nikuache ulale." Akamnyooshea ncha moja ya shuka. "Shika huku, tukamue."